Uliposema Umetoka

Mwalimu wangu Shee,

Nimekurehemu kwanza, ndipo nikashika kalamu. Ulinifundisha kwamba maiti haombewi kwa moyo wenye chuki, kwa hiyo dua nimeimaliza kabla ya kuanza kuandika. Chuki nimeiwekea barua hii.

Bi Mwanaisha hajambo. Eda yake imekwisha. Nampitia kila asubuhi pale Wiyoni nikienda shule, naye hunipa mkate wa mofa uliofungwa kitambaani, kama alivyokuwa akikupa wewe. Upande ulioungua naula mimi siku hizi, maana hakuna wa kuninyang'anya.

Kazi ni ile ile. Kengele, gwaride, kuita majina. Jiografia yako nimepewa mimi, juu ya Kiswahili changu. Sijui kuchora mito kama wewe. Watoto wanasema Tana yangu imepinda kama mkia wa paka. Chaki ni haba, naandika mpaka ukucha unakwaruza ubao. Mlangoni mwa Kidato cha Pili wanafunzi bado wanavua viatu, na hakuna aliyewaamuru. Waliona ukivua wewe. Mchana tunaswali, alasiri nasahihisha madaftari mpaka macho yanaingia ukungu. Na katikati ya yote hayo Bwana Mkuu hupita na funguo zake zikilia, na mimi hukunja ngumi ndani ya mfuko wa kanzu, mimi ambaye ulinicheka kwa kushindwa kuua panya wa darasani.

Nataka nikuandikie lote, hata unayoyajua, kwa sababu sijapata kulisema lote kwa mtu.

Ulikuwa na homa. Umesomesha tangu asubuhi, ukasimama mlangoni pa ofisi ukamwambia Bwana Mkuu, "Nimetoka, Bwana." Ukaenda kulala. Mtoto yeyote wa hapa Amu angejua kwamba umechoka. Yeye ni mtu wa bara, akasikia kwamba umeacha kazi. Hilo simlaumu. Mtu husikia kwa masikio aliyokulia nayo.

Kesho yake alisimama mbele ya gwaride akatangaza, "Mwalimu Shee ametoka." Watoto wetu wakaitikia, "Mungu ampe nguvu." Alidhani wanamkejeli. Akaongeza kwamba umewakimbia katikati ya muhula, na kwamba mwalimu wa namna hiyo hafai kuombewa. Nilimfuata ofisini, nikamweleza neno lile kwa adabu, mikono nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kama alichoka, angesema amechoka. Hapa ni sekondari."

Tangu pale alijua, Mwalimu. Alijua, na bado ulipokuja kazini ukijikokota, umemshika Bi Mwanaisha bega, alikurudisha langoni. Ulirudi kitandani ukageukia ukuta. Barazani wakakuita mwalimu aliyekimbia watoto. Hata matangani kuna aliyemuuliza mjane kwa nini mumewe aliitupa kazi ya serikali. Bi Mwanaisha aliniangalia mimi.

Ndipo nilipoanza kungoja. Wewe hukuwa ukiniamini ninaweza kungoja. Uliniambia mimi ni chai, nikichemka nitamwagika tu. Sikumwagika.

Tulipoambiwa kwamba afisa wa elimu anakuja kutoka Mombasa kukagua madarasa, Bwana Mkuu alipaka ofisi chokaa. Mimi nilitayarisha somo. Niligawa ubao mara mbili, huku maneno ya Kiamu, huku ya bara. Nti na nchi. Ndia na njia. Mato na macho. Teka na cheka. Neno lako sikuliandika. Nililiacha makusudi, na sikumfundisha mwanafunzi yeyote aseme nini. Niliwajua.

Afisa akaingia, Bwana Mkuu nyuma yake akitabasamu. Mzee yule ni mtu wa bara pia, lakini somo lilimfurahisha. Akasema mkewe mwenyewe ana maneno ambayo mpaka leo hayaelewi. Akawaomba watoto wampe neno jingine, lisilokuwa ubaoni. Akasimama Kombo, yule wa Pate uliyekuwa ukimwita Kadhi kwa sababu ya ubishi wake.

"Toka, Bwana," akasema. "Kwetu mtu akinena nimetoka, amechoka. Akiacha kazi, hunena nimeiwata."

Afisa akacheka. "Basi hapa mwalimu anaweza kufukuzwa kwa kuchoka."

Hakucheka mtu. Akatazama watoto, akatazama Bwana Mkuu, ambaye alikuwa akitafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo.

"Amefukuzwa mmoja, Bwana," nikasema. "Tumemzika."

Sauti yangu haikutetemeka. Nilidhani itatetemeka.

Waliongea ofisini mlango umefungwa, sikusikiliza. Lakini asubuhi iliyofuata Bwana Mkuu aliamriwa aseme mbele ya gwaride, na mimi nilikuwa nimeshampeleka Bi Mwanaisha, amesimama karibu na ngazi na buibui lake. Bwana Mkuu akaanza kwa Kiingereza. Nikainua mkono kama mwanafunzi.

"Kwa Kiswahili, Bwana Mkuu. Mjane hajui Kiingereza."

Alisema, polepole, kwamba Mwalimu Shee hakuacha kazi, alikuwa mgonjwa na amechoka, na kwamba yeye mkuu aliambiwa hivyo mapema. Hilo la mwisho sikulitazamia. Nadhani afisa ndiye aliyemlazimisha. Bi Mwanaisha akavuta buibui usoni akaenda zake, hakungoja kusalimiwa.

Baadaye Bwana Mkuu alinikuta nikifuta ubao. Akasema ameaibika vya kutosha mbele ya watoto, sasa tuyamalize kama wanaume. Akanyoosha mkono. Mwalimu, najua wewe ungeupokea. Ungempa na kiti. Mimi nilikuwa na kitambaa cha chaki mkononi, nikaendelea kufuta. Wanasema kisasi kikilipwa moyo hutulia. Wangu haukutulia. Ulishiba kidogo, ukaomba tena.

Inasemekana atahamishwa. Na aende. Asifikiri kwamba bahari itamficha.

Nakuaga sasa, kengele iko karibu. Mungu akupanulie kaburi lako, na akupumzishe uchovu ule ambao hukuruhusiwa kuupumzisha duniani. Nakuahidi hili: maadamu nina chaki, kila Kidato cha Pili watajifunza neno lile. Wakiuliza mwalimu huyo alikuwa nani, nitawaambia. Wakiuliza mkuu alikuwa nani, nitawaambia pia, jina lake na la babake, na nitawataka waliandike.

Mwanafunzi wako,
Bakari