Vyungu vya Mkono Mwingine

12 Februari

Mama yangu mpenzi,
Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima. Mimi sijambo, ila baridi ya maabara na upweke vinapokezana kunitesa. Vyungu vyako vimefika, kimoja tu ndicho kilichopasuka. Kama nilivyokueleza, vigae vya kale tulivyofukua vina alama za vidole vya wafinyanzi. Mistari ya kidole cha mtoto imebanana, ya mtu mzima imeachana. Tukipima vidole vya mfinyanzi tunayemjua, yaani wewe, tutaweza kukisia waliofinyanga vile vya kale walikuwa watu gani. Naomba vingine sita. Ndani usivilainishe, acha alama zako.
Mwanao

30 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Mimi mzima kama chuma. Hao wafu wenu wana bahati, wanaulizwa habari zao hadi za vidole! Simu usipige, sikio langu linaokota kelele tu. Wewe andika. Unakula? Chumba chako kina dirisha? Shoga yangu mshonaji, wa mlango wa pili, anakusalimu. Vyungu hivyo vinakuja.
Mama yako

9 Juni

Mama, shikamoo. Hujambo? Nakimbizana na kazi. Sita vimefika, ahsante. Tunahitaji vinane zaidi kabla ya mkutano wa wataalamu. Samahani kwa ufupi.
Mwanao

21 Julai

Mwanangu,
Marahaba. Mimi mzima. Vinane ndivyo hivyo, vingine vimepinda kidogo, utanisamehe. Barua yako ilikuwa fupi kuliko risiti ya dukani, lakini nimeirudia mpaka imechakaa. Mkitaka vingine semeni tu, hata ishirini.
Mama yako

15 Septemba

Mama, shikamoo. U mzima kweli?
Tumepima vyungu vyote. Vya kwanza ni vyako, alama za dole gumba lako la kushoto zimejaa ndani. Hivi kumi na vinne vya baadaye si vyako. Ni vya mtu mwenye vidole vyembamba, anayebonyeza udongo kwa woga. Profesa anayetusimamia amefura, vipimo vya miezi yote tunavifuta. Mimi sina hasira, nina hofu. Nani amevifinyanga? Mkono wako una nini?
Mwanao

2 Novemba

Mwanangu,
Marahaba. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nimefichuliwa na chungu. Barua yako ya Februari ilikuta mkono wa kushoto umeshalala. Niliamka asubuhi, nikauita, haukuja. Daktari akasema ni kiharusi kidogo, eti nina bahati. Vyungu alifinyanga mshonaji, mimi nikimwelekeza na kumtukana. Maskini, mpaka gauni la harusi la mteja likaingia udongo.
Nilijua ninawaharibia kazi. Lakini kila barua yako ilikuja na vyungu mdomoni. Nikaona vikikoma, na barua zitakoma. Niliogopa hilo kuliko mkono.
Mama yako

20 Novemba

Mama yangu,
Shikamoo. Nimelia chooni kazini hadi mfagizi akagonga mlango. Nani anakukamulia nguo? Nani anakusuka? Unalalia upande gani? Profesa anasema nikiondoka sasa, nafasi yangu anapewa mwingine. Vipimo vinarudiwa hadi Juni. Nitakuja Juni, mama. Hadi hapo nitakuandikia kila wiki, barua ndefu, wala sitaomba hata kigae.
Mwanao

18 Desemba

Mwanangu,
Marahaba. Barua zako zimefika, ndefu kweli, mpaka paka wa mwenye nyumba wako sasa namfahamu. Zinanichekesha. Nikizikunja, chumba kinabaki kimya vilevile.
Juzi niliteleza bafuni. Nilikaa sakafuni, maji yanatiririka, mpaka mshonaji aliporudi kutoka sokoni akanisikia. Muda wote ule sikuwaza barua. Nilikuwa nakuita wewe, kwa sauti, kama uko jikoni.
Mimi si mzima. Hii usiijibu. Njoo.
Mama yako