Mzee Kofia Ametangazwa Ngomeni

Shoga, upo? Nimejificha nyuma ya mzinga huku kwenye ngome ya wafalme. Nimeumbuka.

Ngazi zilinimaliza magoti, nikapita chini ya kamba nikakalia kiti cha malkia. Mlinzi akaja: "Bibi, hapo hapakaliwi." Nikamwambia mwenyewe hajaja kukidai.

Akacheka. Kisha akauliza, "Umekuja na nani?"

Umekuja na nani. Swali gani hilo la kumuuliza mtu? Watalii wote humu wako wawili wawili. Nikaona haya kusema niko peke yangu. Nikasema nimekuja na mume wangu, Mzee Kofia, kanipotea humu ndani.

Mume wangu, shoga. Mwaka wa tatu huu tumemzika, wewe ndiye uliyenishika mkono.

Kumbe mlinzi ana roho nzuri. Kaenda kwenye kipaza sauti: "Mzee Kofia, mkeo anakusubiri lango kuu." Mara tatu, kuta zote zinamwita.

Mwenye akili angetoroka. Mimi nilikwenda mpaka langoni, nikatengeneza mtandio wangu vizuri, nikamsubiri kidogo.