Taruma langu la kwanza la chuma

Jumatano. Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya Chukwani kama mkwe mwenye kinyongo: hayanyeshi wala hayaondoki. Na moyo wangu vivyo hivyo.

Mie ni fundi wa vyombo vya baharini vya mbao, na hakuna tena anayeniagiza. Mbao hazipatikani, na wenye pesa wanataka chuma. Basi nikaenda karakana ya Bi Zuhura, fundi wa boti za chuma, umri wake sawa na binti yangu, nikamwomba anifundishe. Akanipa sharti: nichore taruma moja, yaani ubavu mmoja wa boti. Likikaa sawa, nitachora na yaliyobaki. Lisipokaa, kazi yangu itakuwa kusugua kutu.

Shida ni kwamba mie maisha yangu yote naanza na mbao. Napandisha ubao juu ya ubao mpaka tumbo la chombo lijitokeze, ndipo nakata mataruma ya kukaa ndani yake. Hawa wa chuma wanaanza na mbavu. Mbavu za mnyama ambaye hajazaliwa!

Unachora sakafuni, ukubwa uleule wa boti yenyewe, mara tatu: ilivyo kwa ubavuni, kwa juu na kwa mbele. Ukigusa mstari kwenye mchoro mmoja, huna budi kuugusa na kwenye ile mingine. Wiki nzima nimelala kifudifudi juu ya chaki, jicho moja nimefumba, nautazama upapi, ule ubao mwembamba niliouinamisha nipate mkunjo. Bi Zuhura akishanipa shikamoo yake, hunirushia maneno.

"Mzee Makame, umelala au ushakufa?"

"Nnangoja uniombee dua, lakini najua huijui."

Hucheka mpaka akashika mbavu.

Juzi niliutazama mchoro wa mbele nikaona tumbo halina shibe. Nikausogeza upapi upana wa kidole. Ukapendeza. Ile mingine sikuigusa. Magoti yalikuwa yananiuma, na jicho langu naliamini. Siku zote ndivyo nilivyofanya, ubao ukizidi, tezo itauchonga.

Chuma hakijui tezo.

Leo mafundi wa karakana wamelikata taruma langu, wakalisimamisha kati ya yale aliyoyachora Bi Zuhura. Bamba lilipolazwa juu yake likatoa kibiongo. Kila mtu alikiona. Mie nilikiona kabla yao, nikajifanya nnatafuta miwani, nayo iko usoni.

Nilimngoja Bi Zuhura aniseme. Nilishatayarisha na jibu, tena lenye pilipili. Akanishika bega.

"Si kitu, babangu. Kapumzike."

Hivyo tu.

Nimerudi nyumbani Mpendae, hata chai imenishinda. Maneno makali nimezoea. Huruma ndiyo iliyoniambia nimezeeka.

Kesho nnakwenda mapema. Ntamwambia boti yake imeshika mimba, na aliyeipa ni mie. Akicheka, ntamwomba chaki. Asipocheka, ntaichukua mwenyewe brashi ya kutu, sina haja ya kuuliza iko wapi.