Shibiri ya Mkono Wako

Maskati,
Jumamosi baada ya Alasiri.

Kwa mume wangu Baba Zuhura, Majoreni.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, hata kama umeninunia. Siku ya kumi leo hupokei simu yangu. Mwanetu akipokea huniambia, "Baba amelala," nami nakusikia ukikohoa hapo hapo ukumbini. Mtu aliyelala hakohoi kwa hasira namna ile! Basi nimeona niandike, maana barua huwezi kuikata katikati. Mgongo unaendeleaje? Unaweza kuinama rukuu bila kushika ukuta? Mama anakukanda kwa mafuta ya mbarika kama nilivyomwomba? Zuhura lile jino limeota, au bado anacheka na pengo? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, lakini roho haiko hapa. Iko huko kwenu, inapekua vyungu.

Tuanze na la Taveta. Umemtuma mtoto aniambie kwamba unaiuza pikipiki na unakwenda kulinda ghala la binamu yako huko, miaka miwili, kwa kuwa daktari amesema kiuno chako hakiwezi tena kupigwa na mashimo ya barabara, na kulinda ni kazi ya kukaa. Sawa, kiuno ni chako. Lakini mimi nimebakisha miezi mitatu, Baba Zuhura. Mwaka wa nne huu nawapikia watoto wa watu kwenye shule ya bweni, na kila siku najiambia nakuja kwako. Sasa nije niishi na nani? Nitoke kwenye kitanda cha peke yangu Maskati niingie kwenye kitanda cha peke yangu Majoreni? Sikubali. Nakutamani hadi naona haya kuliandika, na hapa nalia, kwa hiyo ukiona wino umetota usidhani ni jasho la jikoni.

Kosa la zile shokapu nilizokutumia ni langu, na kipande ni chako. Nisikilize mpaka mwisho.

Uliponiambia kwamba barabara ya Lunga Lunga inakumaliza, kwamba kila shimo shokapu za nyuma zinazama mpaka mwisho, chuma kwa chuma, na kishindo chote kinakuingia kiunoni, nilikwenda kwa Mzee Seif. Huyu ni fundi wa pikipiki nyuma ya shule yetu. Alizaliwa Unguja akaletwa huku mdogo, na Kiswahili chake ndicho kinachonishibisha siku ambazo nimechoka kusemeshwa kwa ishara. Akaniuliza:

"Mumeo mzito?"

"Wa kiasi," nikasema.

"Kiasi gani? Springi haijui adabu, mwanangu."

Nitautajaje mwili wa mume wangu mbele ya mtu baki, uje upatwe na kijicho? Mwisho nikamwambia, "Sema mashallah kwanza." Akasema mara tatu. Ndipo nikamtajia kilo mia moja na kumi na tano, kama ulivyopimwa kwenye mizani ya korosho watu wakikushangilia. Mzee alicheka hadi akaweka spana chini.

Akanieleza kwamba fundi wenu wa Lunga Lunga, kila anapokukazia springi, anakupoteza bila kukusudia. Kukaza kunainua kiti tu. Springi laini ukiikaza hubaki laini vile vile. Mtu mzito anataka springi ya waya mnene, na ndani ya shokapu mafuta mazito ya kuizuia isirudi kwa fujo ikamrusha. Nikaona maneno ya mtu mzima. Kisha akataka urefu, kutoka tundu la bolti la juu hadi la chini. Nikakupigia, ukatoka nje kupima, ukarudi umefurahi: "Shibiri moja na nusu, kamili!" Nami nikatandaza mkono wangu juu ya meza ya Mzee Seif, shibiri moja, na nusu yake.

Mzee akanitazama. "Shibiri ya nani hiyo?"

Nikamjibu kwa ujuba, "Kwetu shibiri ni shibiri. Tunapimia mikeka, tunapimia mbao, na hakuna aliyewahi kulala nje ya mkeka."

Ujinga wangu! Mkeka anaupima yule yule anayeufuma. Hukuwaza, sikuwaza, mzee wa watu akaona asibishane na mwanamke, akazitengeneza kwa mkono wangu, na mwenzetu mmoja wa Msambweni aliyekuwa akirudi nyumbani akakuchukulia mzigo. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Pikipiki ikachutama nyuma, tairi likawa linakwaruza madigadi, na shimo la kwanza tu likakulaza siku tatu. Ukanitumia sauti: "Umeniletea shokapu za mtoto! Stendi nzima wanasema pikipiki imekaa kama kuku anayetaga." Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikasikia unavyovuta pumzi kati ya neno na neno, kicheko kikaniishia.

Sasa nikwambie kilichoniuma. Si kwamba nilikosea kipimo. Ni kwamba niliweka mkono wangu pale mezani na haikunijia hata kidogo kwamba wako ni mkubwa. Mkono ulionishika miaka kumi na moja! Ijumaa iliyofuata nilikaa kitandani nimekunjua kiganja, najaribu kukumbuka chako kilikuwa kinaishia wapi juu ya changu, na sikupata. Uso wako naukumbuka, sauti naisikia, hata harufu ya shati lako ukitoka kazini ninayo. Mkono haukuja. Niliogopa, Baba Zuhura. Nilijiuliza ni vingapi vingine vimeshaondoka bila kuniaga.

Ndipo ikanijia siku uliyoletwa chumbani kunipa mkono, baada ya nikahi. Mimi niko chini ya shela, wewe umesimama mbele yangu. Uliniwekea kiganja kichwani usome dua, kidole gumba kikatua katikati ya nyusi zangu, na kile kidogo kikafika nyuma kabisa ya utosi, kikagusa kikuba cha asumini alichonichomeka nyweleni somo yangu aliyenifunda. Badala ya kuitikia amin, nilikuwa nawaza, "Huyu bwana atanivurugia kikuba changu!" Niliruka kwa furaha pale kitandani. Nikaazima futi kwa mshonaji wa sare za shule, nikafumba macho, nikaweka ncha katikati ya nyusi na kuivuta juu ya nywele mpaka pale pale. Inchi tisa. Nikarudia mara nne kwa kutoamini, inchi tisa.

Nikaenda kwa Mzee Seif mbio. "Shibiri moja na nusu ya mume wangu ni inchi kumi na tatu na nusu," nikasema.

"Umempimaje naye yuko mbali?"

"Kwa kichwa."

Akadhani ni hesabu za kichwani, akanisifu. Nami nikamwacha adhani hivyo.

Shokapu za urefu huo ndizo alizonitengenezea, na Bi Saumu wa Ukunda, ninayepika naye, ndiye anayekuletea boksi hili akija likizo. Zifunge mwenyewe au na fundi, lakini ufuate maneno ya mzee. Ile pete ya kukazia chini ya springi ina vidato vitano. Anza na cha pili, kulia na kushoto sawasawa. Inua gurudumu la nyuma lining'inie, upime kutoka katikati yake hadi kwenye madigadi. Kisha ishushe, ukae juu yake na koti lako na kofia yako, miguu juu, nduguyo aishike isianguke na mama apime tena. Kiti kiwe kimeshuka inchi moja na robo hivi. Kikishuka zaidi, panda kidato kimoja. Kisiposhuka kabisa, punguza, maana springi iliyokazwa mno nayo inaumiza. Ukibeba abiria, ongeza viwili. Nimekuwekea futi ndani ya boksi. Si matusi, mume wangu. Ni kwamba tumeshajuana, mimi na wewe, kwa habari ya vipimo.

Nakuomba kitu kimoja tu: usimjibu binamu yako kabla hujazifunga. Zikikataa kuingia, sitabisha tena, nenda Taveta na Mungu akulinde. Nitajua kwamba nimekaa mbali kupita kiasi. Lakini zikiingia bila kulazimishwa, basi kaa. Kaa nyumbani, uje unipokee.

Mshike mama mkwe miguu kwa niaba yangu, na umwambie dua zake zinafika. Wifi yangu wa Jego msalimie sana, nguo zake za rangi ya kungumanga nimezipata. Nduguyo, shemeji yangu, mwambie aache kuniita "Bi Maskati." Fundi wa Lunga Lunga mpe salamu, lakini springi asiziguse. Zuhura mbusu kwenye pengo.

Ukishamaliza kufunga, nipigie. Si lazima useme, kama bado umenuna. Tia simu mfuko wa shati ikiwa wazi, upande pikipiki, uende taratibu mpaka lile shimo kubwa kabla ya msikiti, ulipite. Nitakuwa nimesimama nje ya jiko nasikiliza. Ukiguna nitakusikia. Usipoguna, naanza kufunga sanduku.

Ni mimi mkeo,
Mwanakombo, Mama Zuhura.