Masikio Yangu na Sindano ya Kila Siku

Jumatatu, 4 Juni 2012
Sindano tena. Matako yote mawili yamevimba, naketi kwa upande. Nimemwambia Nesi Limpho masikio yanavuma tangu wiki iliyopita. Eti wagonjwa wa kifua kikuu sugu wote hulalamika hivyo, ninywe maji. Mashine ya kupimia masikio? Mbovu, imepelekwa Maseru kutengenezwa. Eti heri kuvuma kuliko kaburi. Loo!

Jumatano, 6 Juni
Baba mkwe alisema kitu, nikamwondolea sahani. Kumbe aliomba chumvi! Mama mkwe kanuna: waliniposa kwetu nikiwa na adabu, kiburi nimekitoa wapi?
Nimegundua jambo. Mama mkwe na mume wangu Molefi nawasikia kwa kuwatazama midomo. Baba mkwe je? Kwa mila yetu mke wa mwana hamwinulii baba mkwe macho, na sauti ya mzee ni nzito, ya chini. Namwona viatu tu.

Ijumaa, 8 Juni
Birika limepiga mluzi hadi likakauka. Nilikuwa kando yake!
Molefi anasema nijitahidi kusikiliza. Nijitahidi na nini? Nikamwambia nataka kuacha sindano. Akalia. Dada yake Puseletso aliacha, tukamzika. Kwa hiyo nichague — kufa au kuwa kiziwi. Nimechoka! Daktari anaweza kubadilisha dawa, lakini haji hadi Alhamisi, na nesi hasimamishi bila yeye.

Jumatatu, 11 Juni
Nimeharibu. Baba mkwe ananisemesha, sisikii, anarudia, sisikii. Nikainua uso nikamtazama mdomoni. Kwa macho makavu kabisa! Mama mkwe akaacha kula. Na sikuambulia kitu, masharubu yamefunika mdomo wote. Nikapayuka, “Baba, sindano inaniua masikio!” Akatoka nje. Molefi anasema huenda nikarudishwa kwetu.

Jumanne, 12 Juni
Asubuhi baba mkwe kaniita mlangoni, penye mwanga. Niliinama. Akagonga sakafu kwa fimbo, nikausikia mtikisiko miguuni, nikatazama juu.
Amenyoa! Mdomo wa juu mweupe, amejikata mara mbili.
“Nitazame, mwanangu,” akasema polepole. “Twende wote. Hawakuchomi tena mpaka daktari akuone Alhamisi.”
Nimeyapata yote, neno kwa neno. Mama mkwe akageukia ukuta. Nililia kama mtoto.

Niko kwenye benchi la kliniki, naandikia gotini. Baba mkwe ameingia kwa Limpho. Mlango wazi, namwona mgongo tu, fimbo inapanda na kushuka. Wanabishana? Wanakubaliana? Mvumo tu kichwani.
Limpho anatoka na trei. Sindano imo. Baba mkwe yuko nyuma yake, hatuonani. Limpho amesimama mbele yangu, ananiuliza kitu, anangoja jibu. Barakoa imemfunika hadi machoni.
Anauliza tena. Anatikisa kichwa juu chini kama anayetaka niseme ndiyo — ndiyo ya kuchomwa, au ya kungoja daktari —