Bamama Babili Juu ya Pikipiki Moja

Butembo, siku ya Mungu, kisha kanisa

Mudogo wangu mupendwa Kavira,

Wavukire. Nakusalimia wewe, na mama yetu muzee huko Kirumba, na bote benye banakula ku meko yako. Muko namna gani? Magoti ya mama inamuuma bado? Maharagi ilitoka vizuri? Mie niko muzima, Mungu iko. Nilitaka kuja kubaona mbele ya mavuno, mais essence, mafuta ya pikipiki na ya gari, imepanda bei mara moja sawa maziwa mu sufuria, na bei ya safari ya Kirumba ikapanda nyuma yake. Donc mupokee kwanza karatasi, mutu mwenyewe atakuja.

Kavira, niko na wivu. Nakuandikia wewe peke yako, usimusomee muchungaji.

Unajua namna Paluku wangu ananibebaka ku kanisa. Tangu nilihamia kwake, kila dimanche iko mbele ya mulango, pikipiki imeoshwa mpaka unaweza kujitazama ndani yake. Hakuna motard mu Butembo muzima mwenye anaendesha kama ule mutoto wangu. Bamama ba soko banamuitaka ku telefone, banasema banataka Paluku tu, hapana mwingine. Mie nilikuwa nakaa nyuma yake, mukono moja ku bega yake, mukono ingine ku Biblia. Tukifika, bamama ba chorale banageuka bote. Mie nashuka polepole. Kwa nini niharakishe? Baone.

Sasa hii essence. Chupa yenye banauza kando ya barabara, ukiuliza bei unashika kichwa. Bamotard bamoja bamefungia pikipiki mu nyumba, banabeba mizigo na chukudu ya kusukuma na miguu, juu ile ni mbao tupu, haiombi kitu. Bengine banazima moteur ku mutelemuko, banashuka kimya sawa paka. Juzi mbuzi ya jirani haikusikia kitu, ikakuwa mushikaki. Paluku naye anazima, mais anazima na akili: anapiga filimbi na mudomo mpaka chini. Na baclient banamugombeza kila siku. Mama moja alimuambia mbele yangu:

"Jana si ulinibeba na bei ingine?"

"Ndiyo mama. Jana nilikuwa na essence ya jana."

Ule mama alicheka, akalipa. Unaona mutoto mwenye nilizaa?

Mais wivu yangu haiko ya essence. Ni ya mama ya muke wake. Alitoka Beni kuja kuosha mutoto muchanga wa Paluku. Ule mutoto sasa iko na meno mane, na yeye angali hapa. Anasema, "Bei ya voiture ya kunirudisha Beni imekuwa nguvu, ningoje kidogo ishuke." Anangoja! Anangoja na anakula vizuri, na banamukatia kuku kipande yenye nilizoea.

Zamani Paluku alikuwa anafanya safari mbili ku kanisa, mie wa kwanza, kisha yeye. Yeye alikuwa anakaa nyuma kabisa, kifurushi kimewekwa katikati, juu unajua desturi yetu: mwanaume hagusani na mama ya muke wake. Mais mwezi huu Paluku alituita mu salon, akasema, "Bamama, essence ya safari mbili haiko. Tutaenda bote mara moja."

Nani atakaa katikati? Mie! Mie ndiye ukuta. Nilifurahi, nikasema desturi ya bankambo yetu iko na akili sana. Kumbe furaha ilikuwa ya dakika tano. Ule mama alinikamata kiuno sawa mufuko wa bunga, mwavuli wake unanichoma mu mbavu, na anaimba nyimbo zangu za chorale mu sikio yangu. Na anaziimba muzuri, Kavira. Hiyo ndiyo iliniuma.

Tulipofika ku mulima ya kanisa, pikipiki ikaanza kukohoa. Mulima na batu batatu, ile inakunywa essence sawa mulevi. Paluku akasimamisha. Mutu moja ashuke. Akageuka, akamutazama mukwe wake, akashusha macho. Akanitazama mie.

"Mama, shuka kidogo."

Mie nikashuka! Yeye akasogea nyuma kabisa, akakamata vyuma, katikati yabo ungeweza kuweka mufuko wa makaa. Hawakugusana, sitasema uongo. Mais ni yeye bamama ba chorale baliona akifika. Mie nilifika na jasho mpaka ku kitambaa, na moja akaniuliza, "Mama Paluku, ule mama muzuri Paluku anabeba ni nani?" Muzuri!

Dimanche tatu namna ile. Nikamukalisha Paluku chini.

"Nani alikunyonyesha?"

"Wewe, mama."

"Na nani anashukaka ku mulima?"

"Wewe, mama. Juu wewe ndiye naweza kuomba. Yeye nitamuambia namna gani ashuke? Yeye ni mukwe, wewe ni wangu."

Maneno ilikuwa tamu, mudogo wangu. Mais haikupunguza mulima.

Leo asubui ikakuwa mbaya zaidi. Paluku akatikisa pikipiki, akaweka sikio ku tanki, akasikiliza. "Bamama, iliyo ndani inatosha mutu moja." Mie nikajifanya mukubwa, nikasema, "Peleka mugeni. Mie niko na miguu ya Kirumba." Nilisema vile juu akatae. Hakukataa! Na ule mama akanishukuru, "Wasingya, dada," akapanda. Balienda.

Nilitembea nikisema peke yangu, batu ba njia balifikiri naomba. Nikafika katikati ya mulima. Naona nini? Pikipiki imesimama, essence imekauka. Paluku iko mbele, amekamata guidon. Na nyuma, mama mukwe amefunga kikwembe nguvu, Biblia ameweka juu ya kiti, mikono mibili ku porte-bagage, ile chuma ya kufungia mizigo, anasukuma! Na bamama ba chorale banasimama juu, banamupigia makofi: "Courage, mama! Courage!"

Kavira, na hizi miguu yangu, sijui mbio ilitoka wapi.

"Toka hapo," nikamuambia.

"Dada, tusaidiane tu."

"Toka! Huyu mutoto, siku ya kuzaliwa kwake, nilimusukuma tangu jua kutoka mpaka jua kuzama. Kichwa yake ilikuwa kubwa. Wewe ulikuwa wapi? Mie ndiye najua kumusukuma!"

Yeye akacheka mpaka akaketi mu majani. Paluku akalaza kichwa juu ya guidon, anasema, "Mama, bako batu banatutazama, mama." Bakae! Nikaweka mikono pale yake ilikuwa, nikasukuma. Pikipiki ikaenda. Kisha kidogo nikasikia imekuwa nyepesi. Nikatazama kando: amerudi ku upande wa kushoto, anasukuma na mukono moja, polepole, nisione. Niliona. Nikamuacha asukume, juu mulima ilikuwa bado murefu.

Mikono inaniuma, ndiyo maana maandiko hii inapindapinda. Unisalimie mama yetu, umupake mafuta ya moto ku magoti. Salimia bwana yako, na mama mudogo wa kule Alimbongo ukimuona siku ya soko, na kaka yetu mwalimu, umuambie mie ningali nakumbuka kuandika. Binti yako ya kwanza asikubali kuolewa na motard kama hana mama muzima.

Na kama mutu wa Butembo akifika huko akakuambia ni bamama babili balisukuma ile pikipiki, umuambie hakuona vizuri.

Ni mie mukubwa wako,
Mama Paluku