Aliyemwanza Ammalizie

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila miguu imenivimba kama mikate. Wewe na shemeji mko wazima? Na kazi ya unesi?

Nina mimba tena, itatimia mwezi wa tano. Mume wangu anataka niende kituo cha afya. Mama mkwe anasema nijifungulie nyumbani, na safari hii niko upande wake. Sikukueleza yaliyonipata kwa huyu wa kwanza. Nilipopiga kelele, nesi alinizaba kofi la paja akasema, "Ulipokuwa unamtafuta ulilia hivi?" Wenzake wakacheka. Baadaye nikapewa tambara nifute damu yangu sakafuni, huku natetemeka. Sirudi pale.

Mdogo wako

19 Februari

Mdogo wangu,

Nashukuru Mungu mu wazima. Mimi nipo, mgongo tu. Ukilala, weka miguu juu ya mto.

Hilo kofi lisikutie wazimu. Wodini kwangu wanalala wawili wawili kitandani, na sisi manesi ni wachache. Mwanamke akibana mapaja na kichwa cha mtoto kimeshachungulia, utamwimbia? Hata mimi huwazaba, na watoto wao wanatoka wazima. Usisuse hospitali kama bibi harusi aliyenyimwa mkufu. Huyo mama mkwe wako ana nini zaidi ya maji ya moto?

Dada yako

8 Machi

Dada,

Natumaini mgongo umepoa. Mimi nakula, nalala, mtoto anacheza.

Umeuliza mama mkwe ana nini. Hanipendi, chumvi ikizidi kwenye mboga, majirani wote wanajua. Lakini mke wa seremala alipokuwa anajifungua, mama mkwe alimkalia nyuma amemkumbatia tangu asubuhi, anamsugua kiuno. Hata choo kilipomtoka alimwambia ni kawaida, akasafisha mwenyewe. Hicho ndicho alicho nacho.

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali uliponihurumia. Sikupaona. Kwa hiyo nazaa nyumbani.

Mdogo wako

27 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Unijibu hata kwa mstari mmoja.

Kasirika upendavyo, lakini sikia: mtoto akikaa vibaya tumboni, kukumbatiwa hakumgeuzi. Ukiona uchungu unazidi na mtoto hashuki, nenda kituoni. Waambie dada yako ni nesi, watakupokea vizuri. Nimeomba likizo nije, nimenyimwa. Nakuomba.

Dada yako

11 Juni

Dada,

Salamu. Mimi mwili umepona.

Nilianza nyumbani. Mama mkwe alinishika vizuri, hakuna aliyenifokea. Lakini mchana ukapita, mtoto hashuki, na yeye mwenyewe akasema, "Hii imenishinda. Twende." Mume wangu akanikalisha kwenye baiskeli, wakanisukuma, mmoja huku, mmoja huku.

Nesi akatusimamisha mlangoni. "Nani alikuwa anamshughulikia? Wewe bibi? Basi aliyemwanza ammalizie." Akaniwekea tumboni chombo chake cha kusikilizia. "Moyo unapiga. Kaa benchi ujifunze." Nikamwambia dada yangu ni nesi.

"Basi aje akuzalishe."

Mama mkwe alipiga magoti, dada. Yule mama asiyepigia mtu magoti. Nesi akamwambia asimchafulie sakafu. Akanywa chai, akapiga soga na mlinzi. Alipokuja kuniingiza akasikiliza tena, upande huu, upande ule, akakiweka chini chombo chake.

Alikuwa msichana. Nywele tele. Nesi akamfunika akasema, "Mmeona matunda ya ukaidi?"

Maziwa yaliingia siku tuliyomzika.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi. Nilisoma barua yako nikiwa kazini, nikashindwa kurudi wodini. Nipe jina la huyo nesi. Nitawaandikia wakubwa wake, afukuzwe, ashtakiwe. Jina tu, mengine niachie mimi.

Dada yako

6 Julai

Dada,

Hatujambo. Natumaini nanyi hamjambo.

Jina lake amelibandika kifuani. Nililisoma muda wote nilipokuwa benchi. Sikupi. Sijamsamehe, nikimwona sokoni nageuza njia. Lakini kituo chetu sasa kimebaki na nesi huyo mmoja tu. Ukimwondoa, tutaletewa nani? Wewe?

Mama mkwe ameacha kuzalisha. Wakija kumwita, anasema mikono inamuuma, anaingia ndani.

Jana kisimani mke wa fundi cherehani, tumbo limeshashuka, alinivuta pembeni. "Mwenzangu, wewe umeona kote, nyumbani na kituoni. Mimi niende wapi?"

Nikamwambia sijui. Akajitwika ndoo yake, akaondoka.

Mdogo wako